Imani za Kuongoza Mageuzi ya Muda Mrefu Shuleni na Namna ya Kuzifikisha Darasani

Shule nyingi zina karatasi yenye dira, dhamira na maadili ya msingi, imebandikwa ofisini kwa mkuu wa shule, lakini ukipita madarasani huoni dalili yoyote ya yaliyoandikwa humo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wakuu wa shule, walimu wa taaluma, wakuu wa idara na wajumbe wa bodi wanaotaka kuanzisha mageuzi yatakayodumu miaka kumi au zaidi. Mageuzi ya namna hiyo yanahitaji imani chache za kuyaongoza, yaani kauli kuhusu watoto, ujifunzaji na kazi ya ualimu ambazo shule itazishikilia hata bajeti ikipungua, mtaala ukibadilishwa au kiongozi akihamishwa. Nitaeleza namna ya kuzipata, namna ya kuzijaribu kabla ya kuzitangaza, na namna ya kuzigeuza kuwa mazoea ya kila siku.

Kabla ya yote, kuna jambo moja ambalo viongozi wengi hulikosea na ambalo linabadilisha mpangilio wa kazi yote. Imani ya mwalimu kuhusu wanafunzi wake haibadiliki kwa sababu amesikiliza hotuba nzuri. Mwaka 1986 Thomas Guskey, mtafiti wa elimu wa Marekani, aliupinga mfuatano uliozoeleka katika mafunzo ya walimu, ambao ulidhani kwamba mwalimu akishawishika kwanza atabadili ufundishaji, kisha wanafunzi watafanya vizuri. Guskey alieleza kwamba mara nyingi mambo huenda kwa mpangilio mwingine: mwalimu hujaribu mbinu, huona wanafunzi wake wakifanya jambo alilodhani hawaliwezi, na hapo ndipo imani yake hugeuka. Kwa hiyo kiongozi anayedai walimu waamini kwanza anadai kisichowezekana. Anachoweza kudai kwa haki ni kwamba wajaribu kwa uaminifu, kwa muda uliokubaliwa na kwa msaada wa kutosha, na kwamba watazame matokeo kwa pamoja bila kuficha kitu.

Anzeni kwa kutazama madarasa

Msiandike imani yoyote kabla ya kukaa madarasani kwa wiki kadhaa. Chagueni watu wachache wanaoaminiwa na wenzao, na muwaeleze walimu wote waziwazi kwamba ziara hizo si ukaguzi, kwamba hakuna jina la mwalimu litakaloandikwa, na kwamba hakuna alama itakayotolewa. Ahadi hiyo ikivunjwa hata mara moja, mtaonyeshwa masomo ya maonyesho kwa miaka mingi ijayo.

Mkiwa darasani, mtazameni mwanafunzi kuliko mwalimu. Nani anafanya kazi ya kufikiri katika kipindi hiki? Mwanafunzi asiyejua jibu hufanyiwa nini? Mwalimu anajuaje kwamba darasa limeelewa kabla hajaendelea? Andikeni mlichokiona bila kukihukumu: kwamba mwalimu aliuliza "Mmeelewa?", darasa likaitikia "Ndiyo" kwa pamoja, na somo likaendelea, kwamba maswali kumi yalijibiwa na wanafunzi watatu wale wale, kwamba nusu ya kipindi ilitumika kunakili maandishi ya ubaoni. Kumbukumbu za namna hii zikisomwa kwenye kikao cha walimu huwa na nguvu kuliko ripoti yoyote, kwa sababu kila mmoja hujiona ndani yake bila kunyooshewa kidole.

Mtagundua kwamba masomo ya shule yenu yanafanana kuliko mlivyodhani. Katikati ya miaka ya 1990, sambamba na utafiti wa kimataifa wa hisabati na sayansi unaoitwa TIMSS, watafiti walirekodi kwa video masomo 231 ya hisabati ya darasa la nane nchini Ujerumani, Japani na Marekani. Walikuta kwamba kila nchi ina namna yake ya kufundisha, inayojirudia kwa walimu ambao hawajawahi kukutana. Japani mara nyingi wanafunzi walipewa tatizo wahangaike nalo kabla ya kuonyeshwa njia, ilhali Marekani mwalimu alionyesha njia kwanza kisha wanafunzi wakafanya mazoezi yanayofanana nayo. Walimu hao walifundisha kwa kiasi kikubwa kama walivyofundishwa wao wenyewe walipokuwa wanafunzi. Hii ndiyo sababu waraka peke yake hauwezi kubadili ufundishaji, na ndiyo sababu mageuzi ya kweli huhesabiwa kwa miaka.

Ziandikeni chache, na kila moja iwe na gharama

Imani nne au tano zinatosha. Shule yenye imani kumi na tano haitazikumbuka, na isichokikumbuka haitakitumia siku ya uamuzi mgumu. Kila kauli mnayopendekeza ipitisheni kwenye maswali matatu. Je, mtu mwenye akili timamu na nia njema anaweza kuipinga? Kama hakuna anayeweza kuipinga, haitawaongoza popote. Je, ikikubaliwa, ni jambo gani tunalolifanya leo ambalo itabidi tuliache? Na je, mgeni akiingia darasani siku ya kawaida ataona nini ambacho asingekiona kama hatuiamini?

Chukueni kauli inayopendwa kuliko zote, kwamba kila mtoto anaweza kujifunza. Hakuna atakayenyoosha mkono kuipinga, na kwa hali yake hiyo haimgharimu mtu chochote. Ikiandikwa hivi inaanza kuuma: wanafunzi wengi wasipoelewa mada, tutabadili kwanza namna tulivyoifundisha kabla ya kuhoji juhudi au uwezo wao. Sasa kuna mambo ya kuacha. Mwalimu hawezi tena kusonga mbele na azimio la kazi kana kwamba darasa lote lipo naye, idara haiwezi kufunga mjadala wa matokeo mabaya kwa kusema kwamba mkondo huu ni dhaifu, na uongozi hauwezi kumlaumu mwalimu aliyechelewa kumaliza muhtasari kwa sababu alirudia mada ambayo wanafunzi hawakuielewa. Kama uongozi hauko tayari kubeba gharama hiyo ya mwisho, ni heri kauli hiyo isiandikwe kabisa, kwa sababu walimu watajua siku ya kwanza kwamba haimaanishwi.

Zifuatazo ni imani ambazo mimi ningezipendekeza kwa shule yoyote, pamoja na mazoea yanayozibeba. Sikuzipa uzito sawa, maana hazilingani kwa uzito.

Muda na msaada vibadilike, kiwango kibaki

Mwaka 1963 John Carroll, mwanasaikolojia wa Marekani, alipendekeza kwamba kipaji cha mwanafunzi katika somo kitazamwe kama kiasi cha muda anachohitaji ili alielewe. Benjamin Bloom, mwanasaikolojia wa elimu wa nchi hiyo hiyo, aliliendeleza wazo hilo mwishoni mwa miaka ya 1960: mada igawanywe katika sehemu ndogo, kila sehemu ifuatwe na jaribio fupi lisilohesabiwa katika alama za mwisho, na wasioelewa wafundishwe tena kwa njia nyingine wakati walioelewa wanapewa kazi ya kupanua uelewa wao. Neno la kusisitiza hapa ni "nyingine". Kurudia maelezo yale yale kwa sauti kubwa zaidi hakusaidii. Mkuu wa idara aweke utaratibu kwamba kila mada kubwa inapoandaliwa, maelezo au mfano wa pili huandaliwa pamoja na ule wa kwanza, ili mwalimu asilazimike kuubuni akiwa amesimama mbele ya darasa lililochoka.

Pale ambapo wanafunzi wamepishana sana, hasa katika kusoma na kuhesabu, darasa la kawaida haliwezi kuziba pengo peke yake. Shirika la Pratham la nchini India lilianzisha utaratibu ambapo watoto wa madarasa ya katikati ya shule ya msingi hupimwa kwa jaribio fupi la ana kwa ana, kisha kwa sehemu ya siku hupangwa kwa kiwango cha kusoma au kuhesabu walichofikia, bila kujali darasa walilomo. Wanafunzi hupimwa tena mara kwa mara na kuhama kundi wanapopiga hatua. Majaribio yaliyofanywa kwa makini yalionyesha mafanikio, hasa pale ambapo muda maalumu ulitengwa na msaada kwa walimu ulikuwa wa kweli. Utaratibu huo unaweza kuanza na saa moja kwa siku. Angalizo langu ni moja: makundi hayo yasigeuke mikondo ya kudumu. Mtoto aliyekaa katika kundi la chini muhula mzima bila kupimwa tena ameshahukumiwa.

Kilichofundishwa si lazima kiwe kimeeleweka

Imani hii ndiyo inayobadilisha darasa haraka kuliko zote. Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam wa Uingereza walichapisha mapitio ya machapisho takriban 250 kuhusu upimaji darasani, wakaonyesha kwamba upimaji endelezi, unaofanyika wakati ujifunzaji bado unaendelea na kumpa mwalimu nafasi ya kurekebisha, huinua ufaulu, na kwamba mara nyingi wanaonufaika zaidi ni wanafunzi waliokuwa nyuma.

Anzeni na mambo madogo mno. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi katika shule za msingi za Marekani, alikuta kwamba baada ya kuuliza swali walimu husubiri kwa wastani sekunde 1 hivi kabla ya kumtaja mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi wengi zaidi walishiriki, na waliosema hawajui au waliokaa kimya walipungua. Hakuna fedha inayohitajika kwa jambo hili. Inahitajika nidhamu tu, pamoja na mwenzako wa kukutazama na kukuhesabia, kwa sababu sekunde 3 za ukimya huonekana ndefu sana kwa aliyesimama mbele.

Baada ya hapo, kila mwanafunzi ajibu, badala ya wale wanaonyoosha mikono. Wanaweza kuandika jibu kwenye karatasi au kibao kidogo na kukiinua kwa pamoja, na mwisho wa kipindi kila mmoja akaandika jibu la swali moja lililochaguliwa vizuri. Mwalimu huyapanga majibu hayo katika mafungu kwa dakika chache, na fungu la walioelewa vibaya ndilo linaloamua somo la kesho litaanzia wapi.

Usahihishaji wa madaftari nao unahitaji kuangaliwa upya, maana unakula saa nyingi za walimu. Ruth Butler alichapisha mwaka 1988 utafiti uliolinganisha wanafunzi waliopewa maoni tu, waliopewa alama tu, na waliopewa vyote viwili. Waliopewa maoni tu ndio waliopiga hatua, na kuongeza alama juu ya maoni kulifuta faida ya maoni hayo, kwa kuwa jicho la mwanafunzi hukimbilia alama. Shule inaweza kuamua kwamba kazi fulani, tuseme moja kwa kila mada, itarudishwa ikiwa na maoni bila alama, na kwamba kipindi kinachofuata kitatoa dakika kumi za wanafunzi kufanyia kazi maoni hayo. Dakika hizo zisipotengwa, maoni yote yaliyoandikwa ni bure.

Kuna pia suala la kumbukumbu. Wanasaikolojia wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojaribu kukumbuka walichosoma bila kutazama maandishi walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma tena na tena, ingawa baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Mwalimu akianza kila kipindi kwa maswali machache kuhusu mada za wiki iliyopita na za mwezi uliopita, yasiyotolewa alama, amelitumia tokeo hilo vya kutosha.

Mwalimu hukua kazini, pamoja na wenzake

Hapa ndipo shule nyingi hupoteza fedha. Walimu hukusanywa ukumbini kwa siku moja, mwezeshaji hueleza mambo mazuri, kila mtu huondoka na cheti, na darasa hubaki lilivyokuwa. Bruce Joyce na Beverly Showers, waliochunguza mafunzo kazini kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, walionyesha kwamba nadharia na maonyesho peke yake hufika darasani kwa nadra sana, na kwamba mbinu mpya huota mizizi pale mwalimu anapofuatiliwa na kuelekezwa na mwenzake akiwa kazini mwake.

Njia ninayoiamini kuliko nyingine ni utafiti wa somo, ambao nchini Japani una historia ya zaidi ya miaka 100. Walimu watatu hadi sita wa somo moja huchagua sehemu inayowasumbua wanafunzi kila mwaka, kwa mfano kujumlisha sehemu zenye asili tofauti au kutofautisha hoja na mfano katika insha. Huandaa pamoja andalio la somo moja tu, tena kwa kina: swali la kufungulia litakuwa lipi, wanafunzi wana uwezekano wa kujibu nini, na kila kosa linalotarajiwa litapokelewaje. Mmoja wao hulifundisha wakati wengine wamekaa kando, kila mmoja akiwafuatilia wanafunzi wawili au watatu aliopangiwa na kuandika wanachosema na kufanya. Siku hiyo hiyo hukutana. Aliyefundisha huzungumza kwanza, kisha watazamaji hueleza walichokiona kwa wanafunzi wao, na mjadala unakuwa juu ya somo, ambalo ni mali ya kundi zima, wala si juu ya mwalimu aliyelifundisha. Andalio hurekebishwa, na ikiwezekana mwalimu mwingine hulifundisha kwa darasa jingine. Mizunguko miwili kwa muhula inatosha kabisa. Baada ya miaka mitatu shule itakuwa na jalada la masomo yaliyojaribiwa, na jambo kubwa zaidi, itakuwa na walimu waliozoea kuwafungulia wenzao milango ya madarasa yao.

Mkuu wa shule anayetaka jambo hili lifanyike ana kazi moja isiyokwepeka, nayo ni ratiba. Walimu wa somo moja wapangiwe saa moja ya pamoja kila wiki, ndani ya saa za kazi, na saa hiyo isinyang'anywe kwa ajili ya vikao vya dharura. Yeye mwenyewe aanze kufundisha somo linalotazamwa, ili walimu waone kwamba hata kiongozi hukubali kurekebishwa.

Namba zitumike kuuliza

Mwaka 1976 Donald Campbell, mwanasaikolojia wa Marekani, alionya kwamba kadiri kipimo cha namba kinavyotumiwa zaidi katika kuamua mambo ya jamii, ndivyo kinavyozidi kupotoshwa na kuipotosha kazi kilichokusudiwa kuifuatilia. Huko Atlanta, nchini Marekani, mwaka 2011, uchunguzi wa serikali ya jimbo la Georgia uliwahusisha walimu na viongozi 178 katika shule 44 na udanganyifu wa mitihani, baada ya miaka ya shinikizo la kufikia malengo ya alama. Matokeo ya mitihani yasomwe kwa uangalifu, swali kwa swali, ili kujua ni dhana gani haikueleweka, lakini yasiwe kipimo pekee cha mwalimu. Yawekeni kando ya madaftari ya wanafunzi, mahudhurio, na kumbukumbu za madarasa mlizoanza nazo.

Kuhesabu miaka kwa ukweli

Bunge la Finland lilipitisha mwaka 1968 uamuzi wa kuwa na shule moja ya msingi kwa watoto wote. Utekelezaji ulianzia kaskazini mwaka 1972 na kufika maeneo ya Helsinki mwaka 1977, na tangu mwaka 1979 walimu wa shule za msingi wakatakiwa kuwa na shahada ya uzamili. Dunia ilikuja kuyastaajabia matokeo yake yalipotangazwa yale ya PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, ya mwaka 2000, yaani zaidi ya miaka 30 baada ya uamuzi wa awali. Ni muhimu pia kusema kwamba alama za Finland zimeshuka tangu mwaka 2006. Mageuzi yaliyofanikiwa yanahitaji kutunzwa kama yaliyoanza jana.

Shule moja haihitaji miaka 30, lakini katika mwaka wa kwanza msitarajie zaidi ya kutazama madarasa, kuandika imani na kujaribu zoea moja katika idara mbili au tatu zilizojitolea. Mwaka wa pili unaweza kuwa mgumu kuliko wa kwanza, kwa sababu mwalimu anayeacha njia aliyoizoea hufundisha vibaya kidogo kabla ya kufundisha vizuri zaidi. Wazazi na bodi waelezwe hilo mapema, kabla matokeo hayajatoka. Zoea jipya lisiongezwe mpaka la kwanza liwe la kawaida katika madarasa mengi, na kila mnapoongeza kitu, ondoeni kingine: fomu, ripoti, au kikao ambacho hakuna anayekumbuka kwa nini kilianzishwa.

Watakuwapo walimu wasioafiki, na mara nyingi ni wazoefu walioshuhudia mipango mingi ikija na kupotea. Msiwatenge. Waombeni wachague wao wenyewe mada moja na darasa moja, wapewe msaada ule ule, na waripoti walichokiona hata kama ni kushindwa. Pingamizi lao likiwa na hoja, kauli ya imani irekebishwe. Mwalimu mzoefu aliyebadilishwa na wanafunzi wake mwenyewe huwashawishi wenzake kwa namna ambayo hakuna kiongozi anayeiweza.

Mwisho, jiandaeni kwa siku ambayo mkuu wa shule ataondoka, maana ataondoka. Imani zishikwe na kundi la watu wasiopungua watano kutoka idara mbalimbali, wenye mamlaka yaliyoandikwa ya kulinda saa ya pamoja ya walimu na mizunguko ya utafiti wa somo. Jalada la makabidhiano liwe na kauli za imani, zoea linalobeba kila kauli, kumbukumbu za madarasa za kila mwaka na masomo yaliyoandaliwa kwa pamoja. Kila mwisho wa mwaka kundi hilo lisome kila kauli na kujiuliza ni uamuzi gani wa mwaka huo uliobadilika kwa sababu yake. Kauli iliyopita miaka miwili mfululizo bila kubadilisha uamuzi wowote ifutwe au iandikwe upya. Mwalimu mgeni naye asikabidhiwe karatasi hiyo siku ya kwanza. Apangiwe kwanza kutazama masomo ya wenzake watatu, ajiunge na kundi moja la kuandaa somo, kisha aonyeshwe kauli hizo akiwa tayari ameshaziona zikitendwa.